Kuokoa, Kukomboa na Kuponya: Historia ya Dhana ya Wokovu wa Kikristo katika Ukanda wa Nanganga

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, mahali ambapo njia hugawanyika. Moja huendelea mpaka Ndanda na Masasi. Nyingine hukata kuelekea Ruangwa na Nachingwea. Si mji mkubwa wala wenye sifa nyingi vitabuni. Hata hivyo, mtu akichora ramani ya historia ya dini kusini mwa Tanzania, ataona kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika ukanda huu. Misafara ya watumwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa ilipita kusini hii ikielekea pwani. Waanglikana walipita wakienda Masasi mwaka 1876. Wabenediktini walijenga Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, wakapoteza vituo vyote viwili mwaka 1905, kisha wakaanza upya Ndanda mwaka 1906. Na Nachingwea, katika miaka ya 1960, wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji.

Mhadhara huu unachunguza jinsi imani ya Kikristo kuhusu wokovu ilivyosemwa kwa Kiswahili katika mazingira hayo. Hoja yake ni kwamba Kiswahili hakikupokea dhana moja iliyokamilika kutoka ng'ambo na kuipa jina. Kilikuwa na vitenzi vyake, hasa -okoa, -komboa na -ponya, na kila kimoja kilikuja na historia ya watu waliokitumia. Waumini walipovitamka kanisani, walivitamka pamoja na historia hiyo. Kwa hiyo kuuliza maana ya wokovu katika Ukristo wa Waswahili ni kuuliza pia watu hao walitolewa wapi, na nani, na kwa gharama gani.

2.0 Umbo na maana za vitenzi vitatu

Inafaa kuanza na umbo la maneno yenyewe. Vitenzi -okoa na -komboa vina mwisho unaofanana na ule wa vitenzi kama -chomoa, -ng'oa na -fungua, yaani vile ambavyo wanasarufi huviweka katika kauli ya kutendua. Vitenzi vya namna hii huonyesha kutoa kitu mahali kilipokwama au kufumua kilichofungwa. Zamani mwisho huo ulikuwa na sauti /l/, ambayo imedondoka katika Kiswahili sanifu lakini hujitokeza tena katika kauli ya kutendwa: -okolewa, -kombolewa, -funguliwa. Sarufi yenyewe, basi, inatupa picha ya mtu aliyenaswa na anayetolewa.

Tofauti yao iko katika njia ya kutolewa. Aokoaye humtoa mtu hatarini, kwa mfano majini, motoni au mikononi mwa adui, na si lazima alipe chochote. Akomboaye hutoa kilichoshikiliwa na mwingine kwa haki au kwa nguvu, na kwa kawaida hulipa. Shamba lililowekwa rehani hukombolewa. Mtu aliyetekwa hukombolewa kwa fidia. Hata leo mfanyabiashara huzungumzia kugomboa mizigo bandarini, na wazo lililomo ni lile lile: kitu ni chako, lakini hukipati mpaka umelipa.

Kitenzi cha tatu, -ponya, ni kauli ya kutendesha ya -pona. Kupona katika Kiswahili kuna pande mbili. Mgonjwa hupona, na aliyenusurika ajalini naye husemwa kuwa amepona. Afya na usalama havikutenganishwa.

Wafasiri wa Biblia walikuta mgawanyo huu mbele ya Kigiriki kisicholingana nao. Kitenzi cha Kigiriki *sōzō* hubeba maana ya kuokoa na ya kuponya kwa pamoja. Katika Marko 5:34 Yesu anamwambia mwanamke aliyekuwa akitokwa damu, na katika Luka 7:50 anamwambia mwanamke mwenye dhambi, maneno ambayo kwa Kigiriki ni yale yale. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, ilitumia kuponya mahali pa kwanza na kuokoa mahali pa pili. Uamuzi huo unaeleweka, kwani wa kwanza alikuwa mgonjwa na wa pili alisamehewa. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi tena kuona kwamba mwinjili aliutazama mwili na roho kwa neno moja.

Upande wa ukombozi nao una utajiri wake. Kiebrania kina neno *go'el*, yaani ndugu wa karibu mwenye wajibu wa kurudisha shamba au mtu wa ukoo aliyepotea kwa deni. Katika kitabu cha Ruthu wafasiri walilieleza kwa jamaa aliye karibu na kwa kitenzi kukomboa. Katika Ayubu 19:25 wakachagua Mteteaji. Jamii zilizojua rehani ya watu wakati wa njaa hazikuhitaji maelezo marefu kumhusu *go'el*. Zilijua kwamba asiye na ndugu hana wa kumkomboa.

3.0 Njia ya watumwa na swali la fidia

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika eneo lake Misheni ya Vyuo Vikuu ikajenga kanisa kuu la Mkunazini. Edward Steere, aliyekuwa askofu toka 1874 hadi 1882, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja. Huyo huyo ndiye aliyeongoza mwaka 1876 kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja kupitia Lindi hadi Masasi. Wengi wao walikuwa na asili ya bara, na nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi zao. Mfasiri wa neno wokovu na kiongozi wa safari ya waliookolewa alikuwa mtu mmoja.

Hapa kuna tofauti inayostahili kutazamwa kwa makini. Watu wa misheni hiyo ya Kianglikana kwa sehemu kubwa walikuwa wametolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Uingereza. Hawakununuliwa. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868, wao walinunua watumwa, hasa watoto, wakawaweka huru katika kijiji cha misheni. Kwa kipimo cha Kiswahili, wale wa kwanza waliokolewa na hawa wa pili walikombolewa. Desturi ya Bagamoyo ilipata lawama, kwa kuwa kila aliyelipa fidia alimwongezea mfanyabiashara faida na hamu ya kwenda kuteka wengine. Aliyetetea desturi hiyo aliweza kujibu kwamba mtoto aliye mbele yako hawezi kusubiri biashara nzima ikome.

Mjadala huo ulirudia, bila ya wahusika kukusudia, swali la kale la wanateolojia. Marko 10:45 inasema Mwana wa Adamu alikuja kutoa uhai wake uwe fidia. Fidia hulipwa kwa mtu. Je, alilipwa nani? Katika karne ya 3 Origen alielekea kusema kwamba malipo yalimwendea shetani, aliyekuwa akiwashikilia wanadamu. Katika karne ya 4 Gregory wa Nazianzus aliona ni aibu kufikiri kwamba mnyang'anyi apokee malipo makubwa namna hiyo. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alihamisha suala zima: deni lilikuwa kwa Mungu, ambaye heshima yake ilivunjwa na dhambi. Mwaka 1930 Gustaf Aulén wa Sweden alirudisha picha ya zamani zaidi, ile ya Kristo mshindi anayevunja nguvu za utumwa.

Kwa msomaji wa Ulaya mjadala huo ulikuwa wa vitabuni. Kwa mkazi wa Masasi ulihusu jirani yake. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi. Baadhi ya wakazi waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Watu waliokwisha kuokolewa baharini wakatekwa tena nchi kavu, na wamisionari wakajikuta katika majadiliano ya fidia. Swali la kama ni halali kumlipa mtekaji halikuwa tena fumbo la mababa wa Kanisa.

Serikali ya Wajerumani iliongeza kipengele kingine. Amri ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa nafasi ya kujinunulia uhuru wake. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa miaka hiyo kitenzi kujikomboa, chenye kiambishi rejeshi -ji-, kilikuwa na maana halisi: mtu alifanya kazi, akaweka fedha, akajitoa. Hapa ndipo mahubiri ya Kikristo yalipogongana na uzoefu. Mafundisho ya Paulo hayana nafasi ya kujikomboa. Mwanadamu hununuliwa na mwingine. Yeye mwenyewe hana cha kulipa. Kwa aliyejikomboa kwa jasho lake, neema ilikuwa habari ya kushangaza, na pengine ya kudhalilisha kidogo.

Tena aliyenunuliwa huwa mali ya nani? Paulo anajibu katika 1 Wakorintho 7:22 kwamba mtumwa aliyeitwa katika Bwana ni mtu huru, na huru aliyeitwa ni mtumwa wa Kristo. Wafasiri wa Kiswahili hawakulikwepa neno mtumwa. Katika mwanzo wa Waraka kwa Warumi, Paulo anaitwa mtumwa na mtume katika sentensi moja. Maneno hayo mawili, pamoja na mtumishi, yametokana na kitenzi kimoja, -tuma. Aliyekuwa mtumwa Kilwa aliweza kusikia katika sentensi hiyo kwamba kutumwa kunaweza kuwa heshima, ikitegemea ni nani anayetuma. Angeweza pia kusikia kwamba amebadilishiwa bwana tu. Historia ya Kanisa kusini ina ushahidi wa usikivu wa aina zote mbili.

4.0 Maji, moto na hospitali

Mwaka 1905 ukanda huu ulipata ahadi nyingine. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi za Wajerumani, na Wamwera walishiriki kwa wingi katika vita vilivyofuata. Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa njiani kuelekea Liwale. Vituo vya Nyangao na Lukuledi vikateketezwa.

Ni rahisi kuyatazama matukio hayo kama mapambano ya dini mbili. Ukitazama kwa jicho la maneno, unaona pia watu waliotafuta uzima wa mwili na wa nchi, sasa, na siyo baada ya kufa. Kodi, kazi za kulazimishwa za pamba na viboko vya maakida vilikuwa ndivyo vilivyowanasa. Mahubiri yaliyozungumzia dhambi pekee yaliacha nafasi tupu, na maji ya Ngarambe yaliingia katika nafasi hiyo. Kushindwa kwao kulikuwa kwa kutisha. Majeshi ya Wajerumani yaliharibu vyakula, njaa ikafuata, na makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufikia 300,000.

Wabenediktini waliporudi mwaka 1906 na kujenga Ndanda, walirudi katika nchi yenye njaa na makaburi. Hospitali iliyokua hapo ikawa miongoni mwa zile kubwa za kusini, na watu wa Nanganga na vijiji vya jirani waliijua njia yake kuliko walivyojua katekisimu. Wamisionari hao walizungumza Kijerumani, lugha ambayo neno lake la wokovu, *Heil*, na la kuponya, *heilen*, ni la shina moja. Kiswahili kilivigawa viwili hivyo katika maneno, lakini Ndanda viliunganika katika eneo: kanisa na wodi vilikuwa kwenye uwanja mmoja. Mgonjwa Mwislamu aliyerudi nyumbani akiwa amepona hakuwa amebadili dini. Hata hivyo alikuwa ameonja sehemu ya kile ambacho Marko alikiita kwa kitenzi *sōzō*.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Waislamu, walio wengi katika maeneo haya, walikuwa na lugha yao ya jambo hilo kabla ya misheni. Kuokoka na moto wa Jahanamu ni msemo wa kawaida katika mawaidha ya Kiislamu. Wamisionari hawakukiteua kitenzi kitupu, bali kitenzi ambacho tayari kilikuwa na akhera ndani yake.

5.0 "Umeokoka?": swali la njeo

Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini nchini Rwanda na Uganda, ukaenea mpaka Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika na Kenya. Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda *balokole*, kutokana na kitenzi *okulokoka*, ndugu wa -okoka. Kiswahili kikapata mlokole, walokole na ulokole: neno lililozunguka kwa majirani na kurudi na maana finyu zaidi. Kuokoka sasa kulikuwa jina la kundi na alama ya siku maalumu katika maisha ya mtu.

Kiini cha tofauti kiko katika mofolojia. Katika "ameokolewa", kauli ya kutendwa hutufanya tuulize aliyeokoa. Katika "ameokoka", kauli ya kutendeka hutaja hali ya aliyetoka hatarini bila kumtaja mtendaji. Kiambishi -me- nacho huonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yangalipo. Asemaye "nimeokoka" anadai kwamba tendo limekwisha na hali inaendelea.

Ushahidi wa Agano Jipya ni mpana kuliko kiambishi kimoja. Waefeso 2:8 hutumia hali timilifu, na Kiswahili kimeifuata kwa -me-. Lakini 1 Wakorintho 1:18 huzungumzia watu walio katika kuokolewa, na Warumi 5:9 huweka wokovu katika wakati ujao. Mtume anatumia njeo zote tatu. Katika eneo la Masasi, ambako Uanglikana wa misheni ulikuwa wa mwelekeo wa Kikatoliki, na Ndanda, ambako ulikuwapo Ukatoliki wenyewe, mkazo uliwekwa katika safari: ubatizo, ungamo, ekaristi, toba ya kila mwaka, kifo chema. Muumini aliyelelewa hivyo akiulizwa "Umeokoka?" alijikuta akitakiwa kujibu kwa njeo ambayo hakufundishwa.

Ugomvi uliotokea mara nyingi umeelezwa kuwa wa imani dhidi ya mazoea, au wa moto dhidi ya baridi. Kwa kiasi kikubwa ulikuwa ugomvi wa viambishi. Walokole walikuwa na haki kudai kwamba wokovu ambao hauwezi kamwe kusemwa kwa -me- unamwacha mtu katika wasiwasi. Wapinzani wao nao walikuwa na haki kuogopa kwamba wokovu usemwao kwa -me- peke yake hugawa kijiji katika waliokoka na wasiookoka, wakati hukumu hiyo si ya wanakijiji.

6.0 Nachingwea na neno ukombozi

Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam mpaka ilipomaliza kazi mwaka 1994. FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilianza vita mwaka 1964 na kuifanya Nachingwea kambi yake kuu ya mafunzo. Samora Machel alikuwa kiongozi mashuhuri wa kambi hiyo. Neno lililokuwa la rehani, la fidia na la Msalaba likawa sasa la bunduki na bendera.

Hapa Kiswahili kina jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya hazina. Lugha hizo hutumia neno moja kwa kazi ya Kristo na lingine kwa kuwatoa watu katika ukoloni. Gustavo Gutiérrez wa Peru alipochapisha kitabu chake maarufu mwaka 1971, alilazimika kujenga hoja ndefu ili kuyakaribisha mawili hayo. Mswahili aliisoma teolojia hiyo kwa jina la teolojia ya ukombozi na kukuta daraja limekwisha kujengwa na msamiati. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi toka 1960 hadi 1968 baada ya kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliishi mahali ambapo neno lilelile lilitamkwa madhabahuni na kambini.

Daraja hilo lina hatari zake, na historia ya Nachingwea haifichi. Uria Simango alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri na mmoja wa waasisi wa FRELIMO. Baada ya mgawanyiko ndani ya chama, alikamatwa, na mwaka 1975 akafikishwa Nachingwea kusoma mbele ya watu ungamo alilolazimishwa kulitoa. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni mwaka huo huo, uhuru wa haki uliolipiwa kwa damu nyingi. Mambo yote mawili ni kweli.

Tukio hilo linaonyesha kile ambacho ukombozi hupoteza ukitengwa na wenzake. Ungamo lilikuwapo bila msamaha. Fidia ilikuwapo, lakini aliyelipa hakuachwa huru. Katika imani ya Kikristo mkombozi hulipa kwa nafsi yake. Pale Nachingwea, kama ilivyotokea katika mapinduzi mengi duniani, walilipishwa wengine.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba wokovu katika Kiswahili si neno moja lenye visawe viwili. Kuokoa hutaja hatari na mkono utoao mtu nje. Kukomboa hutaja deni, kifungo na gharama, na tangu miaka ya 1960 hutaja pia haki ya taifa. Kuponya hutaja mwili ambao Mungu hakuudharau. Kila kimoja kikiachwa peke yake hupungua. Kuokoka peke yake huweza kuwa jina la kundi linalojitenga na majirani. Ukombozi peke yake huweza kumtoa mtu mkononi mwa bwana mmoja na kumkabidhi mwingine. Uponyaji peke yake huishia mlangoni mwa wodi, na kila aliyepona siku moja hufa.

Kwa wafasiri, hili linadai uangalifu pale ambapo lugha ya asili huunganisha kile ambacho Kiswahili hutenganisha. Maelezo mafupi pembezoni mwa ukurasa yangeweza kumrudishia msomaji uhusiano wa Marko 5 na Luka 7. Kwa watunga kamusi, linadai kamusi ya kihistoria itakayoonyesha neno ukombozi lilisafiri kwa njia gani kutoka kwenye rehani mpaka kwenye Kamati. Fasili inayotaja maana ya siku hizi tu humnyima mwanafunzi karne nzima ya uzoefu.

Na kwa wahubiri na waumini, linadai unyenyekevu mbele ya msamiati wao wenyewe. Watu waliotolewa katika jahazi, wakatekwa tena Masasi, wakaona njaa ya baada ya Maji Maji, wakatibiwa Ndanda na kuwapokea wageni wa vita Nachingwea, hawakuwaachia wajukuu wao maneno mepesi. Mtu akisimama leo Nanganga na kusema kwamba Kristo ni Mwokozi na Mkombozi, anatumia vitenzi ambavyo wenyeji wa njia ile walivijua kwanza miilini mwao, kabla ya kuvikuta katika sala.